Mapumziko ya Umma Katika Utamaduni wa Taifa: Suala la Ziwa Chala

Utamaduni wa taifa unapotajwa, fikra za wengi wetu hukimbilia ngoma, vinyago, mavazi, methali na mapishi. Hatuna ugomvi na orodha hiyo. Lakini iko sehemu moja ya utamaduni ambayo katika mijadala yetu hupitwa kana kwamba haipo, nayo ni namna watu wanavyopumzika: huenda wapi siku wasiyofanya kazi, hukaa na nani, hufanya nini, na ni nani aliyewapa ruhusa ya kukaa hapo. Mtu akitaka kujua kama nchi imejitawala kwelikweli, asiishie kutazama bendera na Bunge; atazame pia ni nani aliyeketi ukingoni mwa maziwa yake siku ya Jumapili.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri changa ya Tanganyika, na humo akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wengi wetu tulikuwa tumefundishwa kuzionea fahari dansi za wageni na kuzionea haya ngoma zetu wenyewe. Tangu siku ile imepita miaka zaidi ya 60. Ngoma zimepata vikundi na matamasha, na mwaka 1981 Bagamoyo ikapata chuo cha sanaa. Mapumziko hayakupata mlezi. Yaliachwa mikononi mwa mwenye baa kwa upande wa mwananchi, na mikononi mwa mwenye hoteli kwa upande wa mgeni.

Tuchukue mfano wa Himo, mji mdogo ulio mashariki ya Moshi, chini ya mteremko wa Kilimanjaro. Kwa mahali ulipo, ni miji michache nchini iliyobahatika kama huu. Barabara itokayo Dar es Salaam na Same hufika hapo karibu, Njia Panda. Nyingine hupanda kwenda Marangu, Mwika na Rombo. Nyingine hunyoosha mashariki kwenda Holili na mpaka wa Kenya. Magari ya watalii waendao kupanda mlima kwa lango la Marangu hupita Himo yakiwa yamebeba mahema, magunia ya kulalia na majiko ya safari. Watoto wa Himo huyajua magari hayo vizuri. Huwajua pia wapagazi walio ndani yake, kwa kuwa wengi ni baba zao na kaka zao. Hivyo mtoto wa Himo anajua tangu utotoni kwamba hema ni kitu ambacho mtu wa kwao hulibeba kichwani ili mtu mwingine alilalie. Hilo ndilo somo la utamaduni alipatalo kila siku barabarani, na hakuna mwalimu aliyepangiwa kulisahihisha.

Na mapumziko ya Himo yenyewe ni yapi? Kila mwishoni mwa Desemba watu wa Kilimanjaro hurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Tanga na kwingineko, desturi ambayo nchi nzima inaifahamu na kuifanyia mizaha. Huja na watoto waliozaliwa na kukulia mjini. Kwa siku chache migomba inajaa sauti. Mbuzi huchinjwa, wazee husalimiwa, makaburi hufagiliwa. Halafu, yote hayo yakishatimizwa, hubaki swali la alasiri: twende wapi na watoto? Jibu, kwa wengi, ni meza ya plastiki, chupa, nyama ya kuchoma na spika inayopiga hadi usiku wa manane. Watoto hukimbizana katikati ya magari yaliyoegeshwa. Hatusemi kwamba nyama na kinywaji ni dhambi, maana mbege ilikuwapo kabla ya baa na ilikuwa na adabu zake. Tunasema kwamba watu walio na mlima mrefu kuliko yote barani Afrika kwa upande mmoja, na maziwa kwa upande mwingine, wamefikishwa mahali ambapo kupumzika kuna umbo moja tu, na umbo hilo linauzwa kwa kreti.

Mwendo wa gari usiozidi saa moja na nusu kutoka hapo Himo, ukipita Holili kisha ukakata kaskazini kwa barabara ya vumbi, liko Ziwa Chala. Msomaji ambaye hajalifika asitarajie ziwa la kawaida linaloonekana kwa mbali. Huwezi kuliona mpaka umefika ukingoni. Ni ziwa la kasoko: shimo la volkano ya kale lililozungukwa na kuta za mawe na vichaka, na chini kabisa, karibu mita 100 kutoka ukingoni, yapo maji yenye eneo la kilometa za mraba kama 4 tu, na kina cha mita zaidi ya 90. Rangi yake hubadilika kwa majira, mara buluu iliyokolea, mara kijani. Hakuna mto mkubwa unaoingia wala mto unaotoka. Mvua inayonyesha juu, msituni mwa Kilimanjaro, huzama ardhini, husafiri chini ya mawe na majivu ya volkano, kisha hutokeza humo. Na maji hayo huondoka tena kwa njia ya chini kwa chini. Kwa maneno mengine, ziwa lile ni mvua ya mlima iliyokuja kupumzika tambarare. Anayelinda msitu wa juu na mfereji wa kwake anashiriki katika kulijaza, hata kama hajawahi kuliona.

Wazee wa pande hizo walisimulia kwamba hapo palikuwa na boma la Wamasai lililozama lote, watu na ng'ombe, na kwamba atuliaye ukingoni huweza kusikia ng'ombe wakilia chini ya maji. Mmisionari Charles New, aliyefika mwaka 1871 na ambaye vitabu vya Kizungu vilimpa sifa ya kuligundua, aliikuta hadithi hiyo tayari ikisimuliwa. Yaani ziwa lilikuwa limekwisha kugunduliwa, kuogopwa na kutungiwa hadithi kabla yake. Miaka 15 baadaye, mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana nchi yetu kwa mstari, na mstari huo, uliopita kati ya Taveta na Uchaga, umeliacha Ziwa Chala likiwa na mabwana wawili: nusu Tanzania, nusu Kenya. Mwezi Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalipita hapo hapo Chala kuuzunguka ulinzi wa Wajerumani.

Ziwa hilo pia ni kitabu. Matope ya sakafu yake yametua tabaka juu ya tabaka bila kusumbuliwa, na mwaka 2016 wataalamu wa mataifa mbalimbali walitoboa zaidi ya mita 200 ndani ya matope hayo, wakapata kumbukumbu ya mvua na ukame ya miaka ipatayo 250,000. Kurasa hizo zinasomwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani. Humo majini anaishi pia perege ambaye asili yake haiko mahali pengine popote duniani, na ambaye, kwa desturi tuliyoizoea, wenye elimu walimpa jina la Mwingereza mwindaji, wakamwita hunteri. Leo amewekwa katika orodha ya samaki walio hatarini sana kutoweka. Mtoto wa darasa la sita Himo hufundishwa habari za maziwa ya kasoko kwa picha ya kitabuni.

Kwenye ukingo wa upande wetu kambi inayofahamika ni ya watu binafsi, na imewalenga watalii. Hatuna ugomvi na aliyeijenga. Alikuta mahali pazuri pasipo na mwenye haja napo, akafanya kazi yake. Ugomvi wetu ni na fikra iliyoliacha jambo liishie hapo, fikra ambayo inaona kwamba mahali pazuri pakishapata mwekezaji basi pamekwisha kupata matumizi. Tunadai kwamba sehemu ya ukingo wa Ziwa Chala itengwe iwe uwanja wa umma wa mapumziko na kambi, mali ya wananchi, chini ya vijiji na Halmashauri ya Wilaya ya Rombo, ambapo mkulima wa Himo, mwanafunzi wa Mwika, fundi wa Moshi na ndugu yake wa Taveta anaweza kufika, kuketi, kupika, kulala hema usiku mmoja, na kurudi bila kuulizwa yeye ni mgeni wa nani.

Dai hili hupingwa, na mara nyingi kwa kicheko kabla ya hoja. Tusikilize kicheko hicho, kwani ndani yake imo kasumba yenyewe.

Husemwa: kupiga kambi si utamaduni wetu. Mwafrika hawezi kuiacha nyumba yake ya bati akalale porini kwa hiari. Porini hulala mwenye shida na Mzungu.

Wanaosema hivyo wamesahau Kiswahili chao wenyewe. Wavuvi wa pwani wana neno dago, yaani kambi wanayopiga ufukoni mbali na kwao kwa siku au wiki kadhaa kufuata msimu wa samaki. Na aliyekwenda dago harudi na samaki tu, hurudi na nyimbo, utani na mafunzo ya bahari ambayo hayafundishwi mjini. Wafugaji wana maronjo yao ya kiangazi, na kijana wa Kimasai hujifunza nchi yake huko. Jando, kwa makabila mengi ya nchi hii, lilikuwa ni kambi: vijana walitengwa na nyumba, wakalala porini, wakafundishwa majina ya miti, nyota, hatari na wajibu. Wachaga nao walikuwa na mafunzo ya vijana yaliyofanyika msituni, mbali na macho ya migomba, hadi dini mpya na utawala mpya vilipoyakomesha. Na hapo Taveta, saa chache kwa miguu kutoka Chala, misafara iliyotoka Pangani na Mombasa katika karne ya 19 ilikuwa na kituo chake mashuhuri kivulini mwa msitu, penye maji na chakula, ambapo mamia ya watu walipumzika kabla ya kuingia nyika ya Wamasai. Lugha iliyotumika katika kambi hizo, ya kuamkia, kugawana posho, kuimba na kuweka zamu ya moto, ilikuwa Kiswahili. Tunapoambiwa leo kwamba kambi ni jambo la Kizungu, tunanyang'anywa historia yetu mchana kweupe, nasi tunasaidia kuifunga mizigo.

Ukweli ni kwamba ukoloni haukutufundisha kupiga kambi, ulitufundisha kuichukia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, maelfu kwa maelfu ya Waafrika walikusanywa kubeba mizigo ya majeshi, wakalala mvuani bila hema, wakafa kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo katika jiji la Dar es Salaam ni kumbukumbu ya jeshi hilo la wapagazi. Baada ya hapo kambi ikawa ya manamba katika mashamba ya mkonge. Si ajabu basi babu zetu walipoona nyumba ya bati waliiona kuwa ndiyo ukombozi, na wakaapa kwamba watoto wao hawatalala nje. Tunaiheshimu sababu hiyo. Lakini baada ya uhuru taifa lenyewe lilianza kulifuta doa hilo: Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, liliwaweka vijana wa kila kabila katika kambi, na wengi waliopita humo hata leo, uzeeni, huzisimulia kambi zile kwa furaha kuliko wanavyosimulia ofisi walizofanyia kazi miaka 30. Kwa nini? Kwa sababu hema, moto na sufuria moja huwaweka watu sawa kwa namna ambayo sebule haiwezi.

Kuna na kauli ambayo hunasibishwa na Mwalimu mwenyewe, kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba. Wapinzani wetu huipenda sana kauli hiyo. Wasikumbushe nusu tu. Mwalimu huyo huyo, katika Azimio la hifadhi ya wanyama lililotolewa Arusha mwezi Septemba 1961, alitangaza kwamba viumbe vya porini na mahali wanapoishi ni amana tuliyoshikia wajukuu wetu. Amana haitunzwi na mtu asiyeruhusiwa kuiona. Tena Chala mamba wamo, kwa hiyo atakayetaka kuwatazama na asiyetaka wote watapata nafasi.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini zaidi, maana msemaji huona haya: watu wetu ni wachafu, wataharibu. Waache wageni, ambao hawatupi taka. Hoja hii haistahili kurasa nyingi. Forodhani ya Unguja ilikuwa imechakaa. Ikakarabatiwa, ikafunguliwa tena mwaka 2009, na jioni baada ya jioni watu wa mji hukaa hapo na watoto wao pamoja na wageni, huku mapipa ya taka yakiwa na watu wa kuyatoa. Mahali penye pipa, choo na mfagiaji pana usafi. Pasipo na vitu hivyo, hata watakatifu wangechafua. Na kuhusu wageni ambao hawatupi taka, tuwaulize wapagazi wa Kilimanjaro ni nani hushusha mizigo ya taka kutoka kambi za juu, na zilikuwa za nani.

Hoja ya tatu ni ya fedha, nayo yafaa ijibiwe kwa utulivu. Husemwa kwamba halmashauri maskini haiwezi kuacha ardhi yenye thamani ikae bure kwa ajili ya watu wasiolipa. Nairobi iliambiwa hayo hayo. Mwaka 1969 Mzee Kenyatta aliifungua Bustani ya Uhuru katikati ya jiji, yenye kidimbwi ambapo watu wa mitaa ya makabwela walikodi mashua kwa senti chache, wengi wao wakiwa hawajapanda chombo maishani. Mwaka 1989 chama kilichotawala kikataka kujenga hapo jengo la ghorofa 60. Hoja ilikuwa fedha na maendeleo. Wangari Maathai akasimama, akatukanwa bungeni, akaitwa majina, lakini mradi ukafa na bustani ikabaki. Hebu leo mtu ajaribu kuwaambia watu wa Nairobi kwamba jengo lile lingekuwa na faida kuliko nyasi zile! Kinyume chake, tazama Naivasha. Ziwa hilo limezungukwa na mashamba makubwa ya maua na milki za watu, na mwananchi atakaye kufika majini inambidi atafute njia chache zilizobaki wazi, kama ile ya Kamere, ambako wavuvi, wachuuzi na matembezi ya Jumapili vyote hubanana mahali pamoja. Naivasha haikufungwa kwa siku moja. Ilifungwa kipande kwa kipande, kila kipande kikiwa na hati halali na sababu nzuri ya kiuchumi.

Sheria zetu hazikulala katika jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi huisoma kuwa ni sheria ya kuwafukuza wakulima wa mboga. Sisi tunaisoma pia kuwa ni ukanda ambao hakuna mtu awezaye kuujengea ukuta na kuuita wake.

Iko hoja ya nne, nayo haitoki kwa wapinzani wetu bali kwa rafiki zetu, watu wa vijiji vya tambarare ya Rombo wenyewe. Hiyo tunaiogopa kuliko zote tatu, kwa sababu ina haki. Wao husema: tumesikia neno hifadhi, na kila liliposemwa tulipoteza kitu. Wanakumbuka ukanda wa msitu wa Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 kuzunguka mlima ili Wachaga wapate kuni, majani ya mifugo na nguzo, na jinsi mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilivyopanuliwa ikaumeza msitu, na mama aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe wake kwa haki akaanza kuyakata kwa kujificha. Wanajua habari za Mkomazi, ambako wafugaji waliondolewa mwaka 1988. Kwa nini basi waamini kwamba uwanja wa mapumziko Chala hautaanza na nyasi na kuishia na askari?

Jibu letu ni kwamba hatudai hifadhi. Neno hilo lisitumike kabisa. Tunadai bustani ya umma, na tofauti yake ni hii: hifadhi huanza kwa kumtoa mtu ili kitu kibaki, bustani ya umma huanza kwa kumkaribisha mtu ili kitu kipate mwenyewe. Mvuvi anayeshuka kwenye genge na ndoana yake abaki, na njia yake iwe ya kwanza kuandikwa katika ramani. Mfugaji aliyezoea kupitisha ng'ombe wake ukingoni wakati wa kiangazi apewe njia yake, hata kama kinyesi cha ng'ombe kitamkera anayekuja na viatu vyeupe. Na usimamizi usipelekwe Dodoma wala Arusha. Ukibaki kijijini na halmashauri, watu watajua pa kwenda kugomba.

Kwamba jambo hili linawezekana, hatuhitaji kuvuka bahari kuthibitisha. Karibu na Tengeru, nje kidogo ya Arusha, liko Ziwa Duluti, nalo ni la kasoko, dogo kuliko Chala. Limezungukwa na msitu mdogo ulio chini ya Serikali, na njia ya miguu hulizunguka. Wanafunzi huletwa, watu hutembea, wengine hupiga makasia. Si pepo. Kiingilio kipo, na familia yenye watoto wengi hukihisi. Lakini mtu anayeshuka katika basi barabarani Tengeru hufika Duluti kwa miguu yake, na ziwa hilo limo katika maisha ya watu wa hapo kama vile soko lilivyomo.

Chala ni pagumu zaidi, na hatutaki kumdanganya msomaji. Kuta zake ni kali. Kushuka ni kazi na kupanda ni kazi mara mbili. Maji yake hayana ufuko wa kuchezea, huenda kina mara moja, na mamba wake si wa hadithi: mwaka 2002 msichana mwanafunzi kutoka Uingereza aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea upande wa Kenya. Kwa hiyo anayewaza Chala kama mahali pa kujitosa majini aondoe wazo hilo. Uwanja tunaoudai uwe juu, ukingoni, penye upepo na mandhari ya ziwa kwa upande mmoja na Kilimanjaro kwa upande mwingine. Chini kushukwe kwa zamu na kiongozi, kijana wa kijijini aliyefunzwa na kulipwa. Tembo nao hupita pande hizo wakitokea Tsavo, hivyo mahali pa kulala pawe na uzio na mlinzi anayejua nyayo.

Zaidi ya hayo hatuoni haja ya makubwa. Miti ya asili iachwe, na penye upara ipandwe. Vyoo vijengwe vya kutosha, kwanza kabla ya kitu chochote, kwa kuwa bustani nyingi za umma katika nchi yetu zimekufa kwa kukosa choo, si kwa kukosa uzuri. Pawe na tangi la maji, mafiga ya kupikia, banda moja la kujikinga mvua ambamo mwalimu aweza kutundika ubao, na uwanja wa ngoma. Spika zikatazwe, atakayetaka muziki aje na ngoma au na zeze. Mipaka iwekwe kwa isale, mmea ambao Mchaga huutumia tangu zamani kuonyesha mpaka na kuombea msamaha, badala ya seng'enge. Kwa wananchi wa pande zote mbili za mpaka kiingilio cha mchana kisiwepo kabisa. Wanaolala walipe kidogo cha kulipia mlinzi na mfagiaji. Mahema, ambayo familia nyingi hazina, yawekwe ghalani na kukodishwa, na shule zipewe bila malipo. Pengine tutachekwa kwa kufikiri mpaka idadi ya mafiga, lakini mipango ya utamaduni wa taifa imeharibika mara nyingi kwa kuandikwa na watu waliodhani mafiga hayawahusu.

Tumefikiria pia bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 kusini ya Moshi, na Ziwa Jipe ambalo magugu yanazidi kulisonga. Yote mawili yanastahili makala yake. Nyumba ya Mungu ni mahali pa riziki ya wavuvi, na kabla ya kuzungumza mapumziko pale yapo mazungumzo mengine ya nyavu na ya umri wa perege anayevuliwa. Chala haina shindano hilo kwa kiwango kile, ndiyo maana tunaanzia huko.

Hatua ya kwanza ni ndogo na inajulikana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya jumuiya, iandikwe katika daftari la kijiji, kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ardhi iliyokwisha kuandikwa hivyo haipotei kimyakimya kwa sahihi ya watu wawili ofisini. Tunawaomba wenyeviti wa vijiji vilivyo ukingoni mwa Chala waitishe mikutano hiyo, na madiwani wa Rombo walipokee jambo hili pamoja na wenzao wa upande wa Himo, ambao watu wao ndio watakaoujaza uwanja huo, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iitwe ithibitishe mita 60 zinaanzia na kuishia wapi. Yafanyike kabla ya Desemba, watoto wa mjini hawajarudi, na kabla kipande kinachofuata cha ukingo hakijapata hati.